Kwa Nini Nimekataa Kubaki na Anjela

Mwanangu Veronika, mama mapacha,

Najua tupo nyumba moja. Wewe upo chumbani na mimi nipo jikoni, katikati yetu ni pazia tu, na nasikia unavyokunja nguo za watoto kwa hasira. Lakini barua bila salamu ni kama kuingia kwa mtu bila kupiga hodi, kwa hiyo nakusalimu kwanza halafu tugombane.

Baba yako anakusalimu. Ametoka kukamua, analalamika mguu kama kawaida, na ameniambia nikuache ulale. Aama, bibi yako mzaa baba, anakusalimu. Yupo kwenye kigoda chake karibu na moto, ananiuliza naandika nini, nimemwambia naandika zamu za kufagia kanisa. Natalia, binti wa mjomba wako, anakusalimu. Ameshafunga mzigo wake na ameukalia kabisa, kama mtu anayeogopa gari litamwacha. Jirani yetu Mama Bura anakusalimu, alipitisha maharage mabichi ya ngwara ukapike ukifika. Pacha wako Emanueli anakusalimu kutoka Oldeani. Kusema kweli hajasema neno, ila nimemsalimia mimi kwa niaba yake, kama nilivyozoea tangu mkiwa wadogo, na habari hiyo nitaifikia. Wanao nao wanakusalimu, Fabiani amelala na Anjela yupo macho anatazama taa.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka.

Sikuandikii mambo ya kuwafunika watoto kesho njiani kwa ukungu wa kule juu kreta, wala ya vumbi la Olbalbal, wala kuchemsha maji. Wewe ni mwalimu, unawafundisha watoto wa watu kunawa mikono, mimi nikufundishe nini. Naandika kwa sababu mchana wa leo umeniuliza mbele ya watu, "Mama, kwani humtaki mjukuu wako?" na mimi nikaingia jikoni bila kukujibu. Mdomo wangu ukifunguka nikiwa na hasira hautoi kitu cha maana. Unanijua. Mkono unaenda polepole, darasa la nne ndilo nililoishia, basi hasira nayo inalazimika kwenda polepole.

Lile neno nilikataa na bado nakataa. Sitabaki na Anjela.

Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka wiki iliyopita mume wako Joachim alipokuja na zile nguo zake za kaki za kupeleka watalii. Akakaa, akapewa chai, akambeba Fabiani, akamgeuza kichwa huku na huku kama anayechagua tikiti maji mnadani. Halafu akasema, "Mama, kuna mgeni wangu mmoja nilimshusha kreta, ni daktari huko kwao. Ameniambia wamepima ubongo wa watoto wachanga kwa mashine, watoto wa siku chache tu. Wa kiume ubongo wake ni mkubwa kuliko wa kike. Toka kuzaliwa. Imethibitishwa."

Nikamwuliza, "Wewe walikupima?"

"Mama, mimi si mchanga."

"Basi nyati aliyepo kule kreta ana kichwa kikubwa kuliko chako. Mbona wewe ndiye unaendesha gari na yeye anakula majani?"

Baba yako alicheka mpaka akamwaga chai. Joachim naye akacheka, maana si mtu mbaya yule kijana, ana adabu, na nepi za watoto anafua kwa mikono yake, kitu ambacho baba yako hajakigusa tangu anioe. Nikadhani yameishia pale kwenye kicheko. Kumbe Aama alikuwa amesikia, na Aama akisikia kitu anachokiamini tayari, haachi. Toka siku hiyo ni "ubongo mkubwa unataka maziwa mengi, ubongo mkubwa unataka maziwa mengi," asubuhi na jioni, na wewe ukaanza kumtangulizia Fabiani ziwa. Usikatae. Nilikuona. Anjela analia na wewe unasema, "Subiri mwanangu, kaka yako kwanza." Kaka yake! Anjela ndiye aliyetangulia kutoka, ndiye Kulwa. Fabiani ni Doto wake. Ameshakuwa kaka lini?

Sikutaka kubisha na kitu nisichokijua. Nilipowapeleka kupima uzito juzi, wewe ukiwa unajiandikishia nafasi ya gari, nilimwuliza nesi. Yule mwembamba, siyo yule mkali. Nilimwambia, "Mwanangu, ni kweli wa kiume wanazaliwa na ubongo mkubwa?" Nikaomba aseme si kweli. Nikategemea aseme si kweli, nirudi nyumbani na ushindi.

Akasema ni kweli.

Nilichoka. Nilikaa kwenye benchi nikachoka kabisa. Lakini akaendelea, maana nesi huyu habari anaimaliza, hafanyi kama Joachim anayeshuka kituo cha kwanza. Akasema kwa wastani wa kiume ni mkubwa, hata ukihesabu kwamba wanazaliwa na miili mikubwa kidogo. Ila ukilinganisha kwa ukubwa wa ubongo wenyewe, wa kike ana zaidi ile sehemu ya kijivu ya ubongo, na wa kiume ana zaidi ile nyeupe, ile ya kama nyuzi za kupelekeana habari. Nikamwuliza, "Ipi ndiyo akili?" Akacheka, akasema zote mbili, mama, hakuna inayofanya kazi peke yake. Nikamwuliza, "Sasa hiyo tofauti maana yake nini? Nani atakuwa nani?" Akasema hapo bado hawajui. Wamejua kupima, maana hawajaijua. Na ukimletea mtoto mmoja, akasema, huwezi kumwangalia ubongo ukamwambia mama yake huyu atakuwa hivi. Wapo wa kike wengi wanaowazidi wa kiume, wamechanganyikana.

Hilo nililielewa haraka kwa sababu ya mahindi. Shamba letu la bondeni na lile la juu, ukivuna, magunia ya bondeni yanakuwa mazito kidogo. Kila mwaka. Lakini mwaga yote uani, niokotee hindi moja, niulize limetoka shamba lipi. Nitakudanganya tu.

Halafu nikamwuliza swali ambalo ndilo lililoniharibia usingizi. "Kwa nini wanawapima wachanga? Si wangesubiri wakue, waone wanachofanya?" Nesi akasema, "Mama, wakikua utajuaje kipi walizaliwa nacho na kipi wamewekewa nyumbani?"

Veronika. Nilirudi njia nzima na mtoto mbele na mtoto nyuma, na hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wewe ulidhani nimenuna kwa sababu ya jua.

Ninyi mlipozaliwa, wewe na Emanueli, Aama alikuja, akawashika vichwa. Cha Emanueli kilikuwa kikubwa, wala simsingizii, na mimi ndiye niliyekipitisha, kwa hiyo najua. Aama akasema, "Humu mna mali. Mwenye kichwa kama hiki hasumbuliwi na maneno. Aachwe akomae." Nikamwuliza na huyu mwingine je? Akasema, "Huyo mwepesi, mbebe tu."

Basi nikafanya. Nilikuwa msichana mdogo, nani wa kumbishia mama mkwe? Emanueli alilazwa ndani upande wa ndama, penye joto na giza, akifunikwa vizuri. Akilia ananyonya, tena ananyonya akashiba, halafu kimya. Mtu akiingia anazungumza, Aama anamtoa. "Mnamtingisha kichwa." Na wewe mwepesi ulifungwa mgongoni kwangu. Nilikwenda na wewe shamba, kwenye foleni ya maji, mnadani, kwaya, kwenye maneno ya wanawake wanaopepeta maharage, na wanawake wanaopepeta maharage hawaachi mtu. Ulisikia Kiiraqw, ulisikia Kiswahili, ulisikia matusi ya Kimaasai kwa wale mama wauza maziwa. Maziwa ndiyo hukuyapata. Ulipewa yaliyobaki, na yakiisha unapewa uji mwepesi. Ulikonda mpaka shingo ikawa kama ya kifaranga, ukalazwa hospitali mara mbili, na hata pale wodini Aama alituma watu waniambie nirudi haraka, kichwa kikubwa kinalia nyumbani.

Ulipona. Ukaanza kuongea mapema, mwaka wako haujatimia vizuri, ukawa unamwita kila anayepita njiani kwa jina. Emanueli alikuwa ananyoosha kidole tu. Anataka maji, kidole. Anataka ugali, kidole. Na sisi tukasema nini? Tukasema, "Wasichana ndivyo walivyo, wanazaliwa na mdomo. Wanaume ndivyo walivyo, wanazaliwa na kimya." Mimi mwenyewe nilisema. Nilisema kanisani, nilisema kwa walimu walipomchapa kwa sababu hajibu swali. Nilisema, mwalimu, ni maumbile yake. Mtoto ambaye hakuna aliyemsemesha!

Sasa ni mtu mzima, yupo Oldeani kwenye kahawa, mikono ya kazi, hana wizi, hana ulevi. Na hana neno. Yule binti aliyemchumbia alipomwacha, Emanueli alikuja hapa nyumbani, akaenda zizini, akasimama na ng'ombe mkono shingoni mpaka giza likaingia. Nilimfuata nikamwuliza, "Baba, kuna nini?" Akasema, "Hakuna, mama." Nilikuja kuambiwa na watu wa sokoni. Watu wa sokoni, Vero! Mwanangu amevunjika, mimi naambiwa na muuza vitunguu.

Huwa nafikiria, yule binti alimwacha kwa nini. Labda alisubiri neno mpaka subira ikaisha.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho kooni leo mchana Joachim alipokuja tena akatoa lile pendekezo lenu, maana nasema lenu, wewe ulikaa pembeni unachezea ncha ya kanga. Likizo yako imekwisha, shule Samunge inakusubiri, nyumba ya mwalimu ni chumba kimoja, watoto ni wawili. "Basi mama," anasema, "Fabiani aende na mama yake anyonye, ubongo wake unahitaji. Anjela abaki na wewe, utamlea kwa maziwa ya ng'ombe, na wewe utafurahi kuwa na mtoto nyumbani." Aama akaitikia, "Hapo mmesema." Baba yako akaangalia mguu wake. Na wewe, mwalimu mzima, unayesimama mbele ya darasa, ulinyamaza. Uliyezaliwa na mdomo!

Nilitaka kupiga kelele. Si kwa Joachim. Kwako wewe.

Unadhani sitaki mtoto? Tangu ulipokuja kujifungulia hapa, nyumba hii imekuwa na harufu niliyoisahau. Anjela akinishika kidole changu, hiki kilichokatwa na mundu, ananishika kwa nguvu kama anajua. Ningempokea leo. Ningemfunga mgongoni, ningekwenda naye shamba, ningemwambia kila kitu, na angeongea mapema kuliko pacha wake, na mngekuja likizo mkasema, jamani, wasichana wanazaliwa na mdomo. Na Fabiani kule Samunge angeshiba na kunenepa, amelala chumbani wakati wewe upo darasani, hakuna wa kumsemesha, na mngesema mtoto wa kiume mtulivu, anawaza. Unaona? Mmoja apate maziwa, mwingine apate maneno. Kila mmoja nusu. Nimeshalea watoto nusu-nusu mimi, na najua wanavyokuwa. Mmoja ni wewe, unayejua kuongea na kila mtu ila huwezi kusema "na mimi nina njaa." Mwingine yupo Oldeani.

Hicho ndicho nilichoshindwa kusema mchana. Nilichoweza kusema ni "sitampokea," likatoka kama teke la punda.

Hasira yangu nyingine ni hii, nayo niitoe nipumue. Wale wenye mashine wamefanya kazi yao, sina ugomvi nao. Wamemkuta mtoto kabla hatujamgusa, wakapima, wakasema tofauti ndogo ipo, maana yake hatujui. Ni maneno ya watu waangalifu. Ila yakishuka kutoka huko, yakipita kwenye gari la watalii, yakapanda mlima wetu, yakifika kwa Aama yameshakuwa "mpe wa kiume maziwa." Hawakusema hivyo! Hakuna aliyesema hivyo. Ni sisi tuliokuwa tunatafuta mtu mkubwa wa kutuunga mkono. Kama wangesema wa kike ndiye mwenye mkubwa, Aama angesema, "Unaona, huyo anajitosheleza, mpe wa kiume maziwa." Naapa angesema hivyo. Nimekaa naye miaka yote hii.

Usimchukie Aama, lakini. Yeye naye alikuwa mwepesi wa mtu fulani. Siku moja tukipukuchua mahindi aliniambia kwao walikuwa wasichana watupu mpaka alipozaliwa kaka yao, na siku hiyo baba yao alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Sasa mambo ya maana. Natalia amekubali kwenda na wewe. Siyo mpaka likizo, amekubali mpaka watoto waache kunyonya. Nimezungumza na mjomba wako, amebariki. Chumba ni kidogo, najua, Joachim amelisema hilo kama vile chumba ndicho kinachonyonyesha. Mtabanana. Sisi hapa tulilala na ndama. Natalia ana maneno mengi mpaka yanachosha, ndiyo maana nimemchagua. Nimemwambia kazi yako si kubembeleza tu, kazi yako ni kuwapigia soga wote wawili, wa kiume hasa, hata kama anakutazama kama ukuta. Mwambie sufuria limeungua. Mwambie mbuzi wa watu wameingia kwenye mchicha. Na saa ya mapumziko shuleni awalete wote wawili unyonyeshe, ukianza na anayelia, sikuombi zaidi ya hapo. Maziwa yanakuja kwa kunyonywa, nesi amesema, na mimi nilikuwa nayo ya watoto wawili. Sikuyanyima kwa kuwa hayapo. Niliyanyima kwa kuwa niliambiwa.

Joachim nimeshamwambia pale nje, alipokuwa anawasha gari kurudi Karatu. Nilimwambia, "Mkwe wangu, mtoto wako haachwi hapa kama mzigo uliozidi uzito." Akaangalia usukani. Akasema, "Mama, mimi naogopa tu. Nikiwaona wawili naogopa hawatatosha." Nikamwuliza nani hatatosha. Akasema, "Mimi." Basi nikamwonea huruma, hasira ikapungua nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo unaisoma hapa. Amesema uamuzi ni wako. Wanaume wakishashindwa ndiyo uamuzi unakuwa wetu, lakini tuuchukue hivyohivyo.

Kesho asubuhi nitambeba Anjela mwenyewe mpaka barabarani. Gari la Loliondo likisimama nitapanda naye mpaka ndani, nitamweka mapajani mwako, halafu nitashuka bila kugeuka nyuma. Usiseme simtaki. Nitashuka hivyo kwa sababu nikigeuka nitamchukua, na nikimchukua sitamrudisha, na hapo nitakuwa nimekuibia wewe mtoto na yeye nimemwibia mama, kwa upendo. Ukimkataa mbele ya abiria wote, ukinirudishia, sitafanya fujo, nitampokea, nitamlea. Lakini utakuwa umechagua wewe kwa mdomo wako. Siyo Aama, siyo yule daktari wa kwenye gari. Natalia nimemwambia akupe barua hii sasa hivi, ukimaliza kunyonyesha, ili ulale nayo.

Nimekulea nusu, Vero, na bado umekuwa mtu. Sijui ulipata wapi nusu nyingine. Labda kwa wale mama wa maharage. Ningependa kujua, ningewashukuru.

Ukifika Samunge usikae kimya ukisubiri mtandao ukujie. Panda pale juu ya shule panaposhika, au mwambie kondakta wa gari linalorudi aseme kwa sauti akipita hapa barabarani, nitakuwa nimesimama. Sitaki habari ya safari wala ya mizigo. Nitumie neno haraka, siku hiyohiyo: Anjela amenyonya?

Ni mimi mama yako.